Baki ya Nyumba ya Bi Ghanima

Vijana wangu wa afisini, mliponiaga mlinitaka niandike chochote kuhusu miaka yangu ya kazi, na mmoja wenu akasema nianze na vyeo. Vyeo vimeandikwa kwenye faili langu, na mshahara wangu mnaujua kuliko mke wangu alivyoujua. Ntakuandikieni mambo ya mwanzo, kabla hamjazaliwa wengi wenu, nilipokuwa karani wa wakili katika Maskati ya zamani. Na kwa kuwa siku ile ya kuagana mwenzenu mmoja alicheka akasema kwamba fedha za watu zinazolala kwetu bila kudaiwa zinalala kwa uvivu wa wenyewe, ntakuandikieni khasa habari ya mwanamke mmoja aliyezidai fedha zake. Nilimaliza chai yangu siku ile bila kumjibu. Jibu lake lilikuwa refu mno kwa kikombe kimoja cha chai.

Nilifika Maskati mwaka 1964. Wengi wetu mwaka ule tuliondoka Unguja na nguo za mwilini, na hapa tulipofika hatukujulikana sisi ni wenyeji au ni wageni. Babu yangu alizaliwa huku, lakini Kiarabu changu kilikuwa kikiwachekesha watoto wa jirani. Nilikaa kwa ami yangu Matrah, na kila asubuhi nikaja mjini kwa miguu kutafuta kazi. Niliyoipata ilikuwa kwa Sheikh Hilal, wakili wa mahakamani, ambaye ujanani mwake alifanya biashara ya karafuu Pemba na Kiswahili chake kilikuwa na harufu ya Wete mpaka alipokufa.

Afisi yake ilikuwa chumba kimoja cha chini, karibu na lango kubwa, chenye mkeka, kasha la mbao na mashine ya chapa ya Kiarabu ambayo herufi yake ya nun ilikuwa imekatika kichwa. Siku ya kwanza alinipa karatasi ninakili. Ilikuwa kiangazi, na jasho langu likadondoka juu ya wino, neno "mrithi" likageuka doa. Hakunigombeza. Alitoa leso mfukoni akaniwekea chini ya kifundo cha mkono.

"Karani wa Maskati asiye na leso," alisema, "anawafilisi wateja wake kwa jasho."

Jambo la pili alilonifunza ni kusikiliza. Mtu akija na shida yake, Sheikh Hilal hakukuruhusu kumkatiza hata ukimwona anapotea njia. Alinambia, "Usimwandikie mtu mpaka anyamaze mwenyewe. Ukimnyamazisha wewe, utaandika shauri lako badala ya lake." Nyinyi siku hizi mna fomu, na fomu humnyamazisha mtu kabla hajafungua mdomo. Lakini hayo mengine.

Bi Ghanima alikuja mwaka uliofuata. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa buibui la Kiunguja lililokwisha kupauka, na alibisha hodi kwa Kiswahili kama aliyejua kwamba ndani mna wa kumwitikia. Alikaa mkekani karibu na mlango. Alikuwa akishona kofia za kuuza, na hata akizungumza vidole vyake vilitembea kana kwamba vina sindano.

"Nimekuja kuuliza jambo moja tu," alisema. "Mtu akinambia atanipatia mali yangu mwenyewe, kisha achukue nusu, hiyo ni halali?"

Sheikh Hilal akamwambia aanze mwanzo.

Mwanzo wake ulikuwa nyumba. Baba yake, Sheikh Sleiman, aliijenga upande wa kisima ndani ya kuta za mji, nyumba ya orofa moja. Bi Ghanima alipoolewa Unguja, baba akampa nyumba ile iwe yake, kwa maandishi na mashahidi ambao sasa wote ni marehemu. Hakuwahi kuikaa. Aliacha mtu wa kuiangalia na kuilipia ushuru wa mji, ule waliokuwa wakitoza kwa taka na walinzi. Mtu yule alipokufa, hakuna aliyelipa na hakuna aliyemwandikia Bi Ghanima. Afisi ya ushuru ikaichukua nyumba, ikainadi sokoni, ikajilipa deni lake.

Yeye alikuja kuyajua hayo siku aliposhuka melini, mjane, na funguo za baba yake zimefungwa kwenye pindo la kanga. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwake. Akafunguliwa na mtu mwingine.

"Mwenye kuinunua ni mfanyabiashara wa nguo, mtu mwema," alisema. "Aliponiona nimesimama na funguo mkononi aliona haya. Akanipa chumba cha chini nikae, kwa kodi ndogo. Kwa hiyo nnakaa nyumbani kwangu, na nnalipa kodi."

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. Mimi ndiye niliyeweka kalamu chini.

Nusu aliyoiuliza ilikuwa hivi. Mtu mmoja jina lake Mahfudh, ambaye hakuwa na duka wala chombo wala shamba lakini kila asubuhi alionekana akinywa kahawa kwenye afisi ya ushuru, alimjia akamwambia: nyumba yako iliuzwa kwa maelfu ya rupia, na deni la ushuru halikuwa hata kiasi cha kununulia mlango wake. Fedha zilizobaki zimelala afisini. Mimi nazijua njia. Nipe nusu, ntakutolea nusu.

Hebu litazameni jambo lile. Bi Ghanima hakuwa akijua kuwa kuna baki. Afisi iliyokuwa nazo fedha haikumwambia. Mwaka mzima alikaa hatua chache kutoka afisi ile, akishona kofia mpaka macho yakimtoka maji, na fedha zake zimefungiwa ndani. Habari ilimfikia kupitia kwa mtu aliyetaka kumla. Mimi miaka hii yote nimekutana na wezi wa namna nyingi, lakini mwizi anayekuuzia habari ya mali yako mwenyewe, na anayemvujishia habari hiyo akiwa amekaa kwenye kiti cha kazi, hao wawili sijawasamehe.

Sheikh Hilal alimngoja Bi Ghanima mpaka akanyamaza. Akamwambia, "Mwanangu, kilichobaki baada ya deni ni amana. Walipojilipa chao, kazi yao ilibaki moja, kukutafuta wakurejeshee chako. Nusu ya Mahfudh si halali, na robo yake si halali, na kahawa anayoinywa pale sina hakika nayo."

Ndipo Bi Ghanima akatwambia kwa nini ana haraka. Yule mfanyabiashara wa nguo alikuwa tayari kumuuzia nyumba yake kwa bei ileile aliyoinunulia. Akiipata baki, akauza na bangili zake alizobaki nazo, ingetosha. Lakini mfanyabiashara alikuwa mgonjwa wa moyo, na wanawe hawakupenda maneno yale.

"Yeye ataningoja," alisema. "Wanawe hawataningoja."

Tulikwenda afisi ya ushuru asubuhi yake. Mkuu wa afisi ile alikuwa mtu mpole, amejipaka udi, na kahawa yake ilikuwa nzuri, hilo nalikiri. Alitukalisha, akamuuliza Sheikh Hilal habari za mtu mmoja mmoja katika ukoo wake mpaka nikadhani tutafika kwa ng'ombe wao. Kisha akasikiliza. Kisha akatabasamu.

"Baki ipo," alisema. "Hakuna anayekataa. Mwenyewe athibitishe tu kuwa nyumba ilikuwa yake."

"Hati ya baba yake iko Unguja, kwenye kasha," Sheikh Hilal akasema. "Na wewe unajua hali ya Unguja. Hakuna atakayekwenda kufungua kasha."

"Allah awafariji. Lakini hatuwezi kumpa fedha kila anayesema nyumba ilikuwa yake."

"Daftari lenu limeandika nini? Ushuru mlikuwa mkimdai nani?"

Mkuu akaweka kikombe. "Daftari letu, ya sheikh, linaandika nyumba. Haliandiki watu."

Mimi nilikuwa kijana na sikujua kuuzuia mdomo wangu. Nikasema, "Mlipoiuza hamkutaka hati ya mtu yeyote. Mlijuaje kama mnamuuzia aliyeacha kulipa?"

Aligeuka akanitazama kama mtu anavyomtazama paka aliyepanda juu ya sahani. "Huyu ni wa Zinjibar?" akamuuliza Sheikh Hilal. "Nimemjua kwa Kiarabu chake."

Tukatoka. Njiani Sheikh Hilal hakunilaumu. Alisema tu kwamba swali lile lilikuwa lake, alikuwa analiweka kwa siku ya mahakamani, na sasa mkuu atakuwa na muda wa kulitafutia jibu. Hilo ni funzo la kazi, lichukueni. Swali zuri msilitumie barazani.

Ikaanza miaka ya njoo kesho. Tulitakiwa tulete mashahidi kwamba Bi Ghanima ni Ghanima. Tukaleta Waunguja wanne walioswali na baba yake. Tukaambiwa hao wamethibitisha mtu, hawakuthibitisha nyumba. Tukaleta jirani wa upande wa kisima. Akaambiwa yeye anajua kuwa Sheikh Sleiman alijenga, hajui kama alimpa binti. Ikawa mkuu amesafiri. Ikawa Ramadhani. Ikawa joto, na kwa kweli katika miezi ile hata sheria huwa imelala juu ya dari na shuka limeroweshwa maji. Tulipofika kwa kadhi naye akasema maneno ya haki, kwamba hawezi kuhukumu umiliki kwa kusikia kusikia, nendeni mkatafute aliyeshuhudia. Kadhi simlaumu. Ninaowalaumu ni wale waliokuwa wanajua na wamenyamaza.

Mahfudh alirudi kwa Bi Ghanima mara kwa mara. Mwaka wa kwanza alitaka nusu. Alipoona tumekwama akataka theluthi mbili. Aliniambia mwenyewe, tulipokutana langoni, "Mwambieni mama yenu akubali. Kidogo mkononi kinashibisha." Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu wajukuu zangu pia watasoma.

Mfanyabiashara wa nguo alingoja, kama alivyoahidi, kisha moyo ukamshinda. Siku ya tatu ya msiba, wanawe walimpandishia Bi Ghanima kodi. Kabla ya arubaini walimwambia chumba wanakitaka kwa magunia ya mchele. Nilikwenda kumsaidia kuhama. Hakuwa na mizigo mingi. Alihamia Bustan, kijiji cha nyuma ya mlima, kwa mwanamke mmoja aliyemjua, katika nyumba ya makuti, na kutoka huko ilikuwa ama upate mashua ya kukuleta mjini au upande mlima kwa miguu. Alikuwa akipanda mlima, na kofia zake kichwani.

Nataka mwenye kucheka siku ile ya kuagana asome hapa mara mbili. Nyumba ilikuwa inarudi. Mnunuzi alikuwa radhi, mwenyewe alikuwa radhi, fedha zilikuwepo, tena ni zake. Ilipotea kwa sababu mtu mmoja aliyejipaka udi hakutaka kufungua kasha la fedha. Huo ndio uvivu ninaoujua mimi.

Njia ilipatikana kwa neno dogo. Bi Ghanima alikuwa afisini kwetu, amechoka kwa mlima, anakunywa maji. Nje, dalali alikuwa anapita akinadi punda wa marehemu fulani. Dalali yule aliitwa Jumaan, na sauti yake ilifika Matrah ukiwa na upepo. Alinadi jina la marehemu, na la baba yake, na mtaa wake, kama ilivyo ada, ili mnunuzi ajue ananunua cha nani na asije akaambiwa kesho amenunua cha wizi.

Bi Ghanima akashusha kikombe. "Na yangu nani alinadi?"

Sheikh Hilal akanitazama, nami nikamtazama. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetafuta miwani na miwani iko usoni.

Alikuwa Jumaan huyohuyo, maana ndiye aliyekuwa akiinadia afisi ya ushuru. Tulimwita ndani, tukamuuliza, na uso wake ukafunga. Alisema amenadi nyumba nyingi, hazikumbuki. Alisema ana mabinti wanne. Alisema, "Ya sheikh, mimi nakula kwa mlango ule. Wakinifungia, nitanadi nini? Nywele zangu?"

Sheikh Hilal alitaka kumwachia siku mbili afikiri. Bi Ghanima hakungoja. Alisema naye kwa Kiarabu chake cha Unguja, polepole, na mimi nakuleteeni kwa Kiswahili.

"Baba Jumaan, mimi sijakuona kabla ya leo. Wewe umenijua kabla mimi sijakujua. Umesimama sokoni ukalipiga kelele jina langu, mwanamke, wanaume wote wa Maskati wakalisikia, na wengine wakacheka. Sikuwepo kujisitiri. Asubuhi tatu, maana ndiyo ada yenu. Sawa, ilikuwa kazi yako. Sasa nakuomba ulitaje mara moja, mbele ya mtu mmoja, kwa faida yangu. Vipi limekuwa zito?"

Jumaan aliinamisha kichwa. Halafu akauliza, "Siku gani mahakama?"

Siku ile mkuu alikuja mwenyewe, na kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Mahfudh alikuwa nyuma, karibu na mlango. Bi Ghanima alikaa upande wa wanawake, peke yake. Sheikh Hilal akasema anaye shahidi mmoja, mtumishi wa afisi ya ushuru yenyewe. Nikamwona mkuu anageuza shingo.

Kadhi akamwapisha Jumaan, akamuuliza, "Uliiuza nyumba ya upande wa kisima?"

"Niliinadi."

"Uliinadi ni ya nani?"

Jumaan akaanza kujibu kwa sauti ya chini, akaacha katikati. Nilidhani amekwisha. Akajikohoza. "Sheikh, Mungu akupe umri. Mimi sijui kusema maneno haya kwa sauti ya chini. Niruhusu niyaseme kama nilivyoyasema."

"Yaseme."

Basi akasimama, akaweka kiganja sikioni, akavuta pumzi, na chumba kikajaa.

"Enyi watu! Kwa deni la ushuru! Nyumba ya Ghanima binti Sleiman aliyeko Zinjibar! Upande wa kisima, orofa na dari! Nani atazidisha?"

Nje, kutoka kwenye baraza, sauti ya mtu ikauliza, "Inaanzia kiasi gani?"

Kadhi alificha mdomo kwa kilemba chake. Watu walicheka, na Jumaan mwenyewe akacheka, machozi yanamtoka. Bi Ghanima pekee hakucheka. Alikuwa ameketi wima, anasikiliza jina lake.

Kadhi akamgeukia mkuu. "Jina hili alilitoa wapi?"

Mkuu akasema huenda dalali alilisikia kwa watu.

"Nilipewa na wewe," Jumaan akasema. "Ukanitamkisha mara mbili, kwa kuwa 'binti Sleiman' nilisema 'bin Sleiman'. Ukanambia, ni mwanamke, angalia. Na ukanambia nisisahau kusema yuko Zinjibar, ili mnunuzi ajue hakuna atakayemsumbua."

Walimjua, vijana wangu. Tangu siku ya kwanza walimjua kwa jina, na baba yake, na nchi aliyoko. Walimjua kiasi cha kumtangaza kwamba yuko mbali hawezi kujitetea. Kisha alipofika mlangoni mwao mwenye jina lile, wakamuuliza, wewe ni nani?

Hukumu haikuwa ndefu. Kadhi alisema, "Mliiuza ni yake. Kilichobaki ni chake."

Mkidhani mambo yalikwishia pale, hamjafanya kazi serikalini. Mkuu aliitii hukumu kwa namna yake. Tulipokwenda kupokea, alitoa fedha zimepungua. Akaeleza kwa upole kwamba afisi imekata ujira wa kuzihifadhi miaka yote ile.

Sheikh Hilal alikuwa mzee wakati huo na alikuwa akitembea na bakora. Aliipiga sakafuni. "Mali ya mtu umeikalia, kila mwaka akikuomba umemnyima, sasa unamdai kodi ya makalio yako?"

Maneno yale sikuyatarajia kwake. Mkuu hakuyatarajia pia. Tukarudi kwa kadhi, na safari hii kadhi hakuficha mdomo, alighadhibika wazi, na fedha zikatoka zote.

Siku ya kutoka, karani wa pale alimwekea Bi Ghanima karatasi ya kupokelea, imeandikwa tayari, kwamba yeye Ghanima amepokea kiasi kadha kwa ihsani ya afisi. Alikuwa na kidau cha wino ili achovye kidole gumba. Bi Ghanima akainama akaisoma, kidole chake kinafuata mistari. Maana alikuwa anasoma, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Akamnyang'anya karani kalamu, akakata neno "ihsani" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "ni mali yangu", akatia jina lake na la baba yake.

Fedha zile mwaka ule hazikutosha tena kununulia nyumba ndani ya kuta. Zilimjengea ya mawe Bustan, vyumba viwili. Watu walimpongeza, akaitikia Alhamdulillahi. Lakini siku moja alinambia, "Khalfan mwanangu, hii ni nyumba nzuri. Si nyumba yangu."

Jumaan walimfungia mlango, kama alivyoogopa. Hakuna aliyempa tena kitu cha kunadi, maana vyote vikubwa vilipitia afisi zile. Alikuwa akikaa kivulini sokoni na sauti yake bure.

Bi Ghanima aliposikia alishuka mlima akaja mjini. Alimkuta Jumaan pale alipokaa, mimi nikiwa pamoja naye, akamtolea ujira wa dalali, ujira kamili wa asubuhi tatu.

"Sitaki sadaka, mama," Jumaan akasema.

"Nani kakupa sadaka? Nna kitu nataka uninadie."

Akamweleza. Jumaan akatutazama mmoja mmoja. Akasema wanaweza kumtia ndani. Bi Ghanima akamwambia wakimtia ndani atamletea chakula yeye mwenyewe kila siku kutoka Bustan, na kwamba mchuzi wake wa papa unajulikana. Mimi nilimwuliza Sheikh Hilal kama kuna kosa la sheria. Alifikiri. Akasema hajaona popote palipokatazwa kumwambia mtu kuwa ana mali.

Kesho yake, watu walipokuwa wengi sokoni, Jumaan akasimama, akaweka kiganja sikioni.

"Enyi watu! Siuzi kitu! Yeyote ambaye nyumba yake au ya baba yake imeuzwa kwa deni la ushuru, ana baki! Baki ni mali yake! Iko afisini! Asimpe mtu nusu! Aende kwa Sheikh Hilal, karibu na lango kubwa!"

Akazunguka soko lote. Afisi ya ushuru ikampelekea askari, na askari akamuuliza nani kakupa ruhusa. Jumaan akamjibu kwamba yeye ni dalali, amelipwa anadi, ananadi. Askari akasimama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kama na shamba la mitende linahesabiwa, maana la mjomba wake liliuzwa.

Asubuhi ya pili alinadi tena, na ya tatu.

Asubuhi ya nne nilipofika nikitokea Matrah, sikuweza kuufikia mlango wa afisi yetu. Walikuwa wamejaa kuanzia langoni, wajane, wachukuzi wa maji, Mabaluchi, Waunguja wenzangu niliowajua na nisiowajua, wazee waliobebwa kwa viti, kila mmoja na habari yake mdomoni. Nikawa naomba njia na hakuna anayenipisha, kila mtu ananiambia nisimame nyuma kama wenzangu. Mpaka nikasikia sauti ya Sheikh Hilal kutoka ndani, kali kuliko nilivyopata kuisikia:

"Mpisheni huyo! Huyo ndiye mwenye kalamu!"